Kijana Asiye na Mtu

Buffalo, Jumapili 20 Septemba 2015

Kwa mwanangu Gaël,

Nakusalimia sana katika Bwana. Sisi huku Black Rock tunaamka na tunalala, isipokuwa magoti yangu, ambayo unayajua. Alliance ameingia darasa la nne. Nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, nami namrudishia kwa Kiswahili, siku inapita hivyo. Mjomba wako Ruhimbika alipiga simu kutoka Louisville. Bado yuko kwenye lile ghala la Okolona, ila sasa wamempa mashine ya kunyanyulia mizigo, anasema siku hizi anafanya kazi ameketi kama mkubwa. Mimi bado niko na wazee wangu ninaowatunza. Kuna bibi mmoja ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, naitika.

Utashangaa kuona karatasi. Bon, nimechoka na simu. Nikikupigia kila Jumapili unaniambia, "Mama mdogo, niko na watu, nitakupigia baadaye," na hiyo baadaye sijaiona hata mara moja. Karatasi haiwezi kukatwa katikati ya maneno.

Sasa jambo lenyewe. Nimesikia kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na saba Oktoba chuo chenu kinapokea familia za wanafunzi. Wazazi wanaonyeshwa madarasa, wanakula chakula cha mchana pamoja na watoto wao, halafu kuna kwaya. Donc nimemwomba msimamizi wangu ruhusa ya siku ile, naye hakukataa. Alliance anataka kuona unapolala. Huu ni mwaka wako wa pili na sisi hatujui hata mlango wa chuo uko upande gani.

Niandikie tulete nini. Sombe, yale majani yetu ya muhogo, naweza kuigandisha ikafika salama.

Mama yako mdogo,
Rakeli

*

Columbus, 4 Oktoba 2015

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kusikia mko salama, na pole na magoti. Mimi sijambo. Ninakaa chumba kimoja na Mkenya anaitwa Kefa, anasomea uhandisi, anapika chai nzuri lakini anakoroma. Masomo ni mengi. Utanisamehe Kiswahili changu, kimeanza kupata kutu.

Kuhusu siku ya familia, sijui nani amekuambia. Ni jambo dogo tu, la wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wazazi wanaokaa karibu. Watu wanatembezwa kwenye nyasi, wanapewa soseji, wanarudi kwao. Mwaka jana mvua ilinyesha wote wakakimbia. Safari ya basi kutoka Buffalo mpaka hapa ni siku nzima, na magoti yako hayo. Tafadhali usijisumbue. Isitoshe siku hiyo nina kazi ya maabara.

Nitakuja mwenyewe nikipata nafasi. Msalimie Alliance, mwambie asome.

Wako,
Gaël

*

Buffalo, 25 Oktoba 2015

Kwa mwanangu Gaël,

Amani iwe nawe hapo ulipo. Sisi tunaendelea. Baridi imeanza kutoka mtoni. Jirani wa juu amerudi kupiga misumari, sijui anajenga nini ndani ya chumba kimoja.

Nimeelewa kuhusu siku ya familia. Niliirudisha ile ruhusa, nikafanya kazi kama kawaida.

Ila nakuomba Jumatano hii uende ukachomwe chanjo ya mafua. Inatolewa bure kwenye jengo la afya, ghorofa ya kwanza, hadi saa tisa, lazima uwe na kitambulisho. Tena Ijumaa wanagawa makoti ya baridi karibu na duka la vitabu. Usione aibu kupanga mstari, koti lako la Louisville halikutoshi. Na usiende maktaba Jumapili usiku, wanatengeneza umeme.

Unakula?

Mama yako mdogo,
Rakeli

*

Columbus, 15 Novemba 2015

Mama mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima. Nilichanjwa.

Nilikaa siku tatu nikijiuliza umejuaje mambo ya umeme wa maktaba, mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Halafu nikakumbuka. Tulipojaza fomu za chuo pale nyumbani, kulikuwa na sehemu ya anwani ya barua pepe ya mzazi, na Alliance aliandika ya kwako. Kumbe kila Jumatatu wanakutumia matangazo ya chuo! Kefa alicheka mpaka akamwaga chai. Hata mimi nilicheka.

Lakini tafadhali mwambie Alliance aiondoe hiyo anwani. Matangazo yale ni ya walimu na wafanyakazi, yamejaa mambo ya mikutano na baiskeli zilizopotea. Yatakuchanganya bure, na mengine hayaandikwi sawasawa. Ukitaka kujua habari zangu niulize mimi.

Sikukuu ya Shukrani mwezi huu sitakuja, nina mitihani. Krismasi pia wamenipa kazi hapa chuoni. Msinisubiri.

Gaël

*

Buffalo, 28 Februari 2016

Kwa Gaël,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi ni wazima.

Sikuandika kwa sababu ya theluji, na pia nilisafiri kidogo katikati ya mwezi. Anwani ile ya matangazo imeondolewa kama ulivyoomba. Hayatakuja tena.

Huna haja ya kujibu haraka. Najua una mambo mengi.

Rakeli

*

Columbus, 6 Machi 2016

Mama mdogo,

Shikamoo. Sina habari za kukuambia kabla ya jambo lenyewe.

Nilikuona. Tangu nilipopanda jukwaani nilikuona, kiti cha mwisho karibu na mlango, umevaa kile kitenge cha bluu na viatu vya theluji, mkoba umeuweka magotini. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema naumwa. Nilikuwa na karatasi mkononi, nikaisoma yote kama ilivyoandikwa, kwamba mama alikufa wakati wa vita nikiwa na miaka sita na tangu siku hiyo sikuwa na mtu. Kwamba kwenye kambi ya wakimbizi nilijipikia. Kwamba Marekani nilifika peke yangu. Nikawa nasoma huku nakuangalia, na wewe hukuinamisha kichwa.

Nataka kuandika kilichotokea baadaye, ingawa ulikuwepo, ili usifikiri nimesahau. Watu walisimama kupiga makofi. Yule mama wa ofisi ya ufadhili akanishika mkono tukashuka kuelekea mlangoni, na wewe ulikuwa umesimama pale. Akaniuliza, "Huyu mama unamfahamu? Amelia tangu mwanzo."

Nikasema, "Ni mama wa kanisani. Huwa wanakuja kwenye mambo kama haya."

Nilisema kwa Kiingereza, lakini najua ulisikia. Ukaninyooshea mkono. Ukaniambia, "Hongera, kijana." Ukaniita kijana, Mama mdogo. Halafu ukamshukuru yule mama kwa kahawa, ukatoka.

Nilibaki pale nikipigwa picha.

Ile hadithi ndiyo iliyonileta chuoni. Ni insha niliyoandika kuomba ufadhili, mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwalimu aliniuliza, "Nani amekulea?" nikajibu, "Hakuna." Akaniambia hiyo ndiyo insha. Niliiandika kwenye meza yako ya jikoni, wewe ukikaanga samaki wadogo wa ndakala, ukaniuliza naandika nini, nikasema hesabu. Wakanipa nafasi, wakapenda hadithi, wakataka niisimulie mara ya pili, na ya tatu. Ndiyo maana sikutaka mje siku ya familia. Sikuwa na kazi ya maabara.

Siombi chochote. Sijui hata niombe nini.

Gaël

*

Buffalo, Jumapili ya Pasaka, 27 Machi 2016

Kwa Gaël,

Bwana amefufuka. Tumetoka kanisani sasa hivi, Alliance amelala na viatu. Mjomba wako anakusalimia, sikumwambia kitu.

Barua yako niliiweka kwenye kabati wiki mbili bila kuijibu, kwa hiyo nisamehe kwa hilo.

Nitakuambia ilivyokuwa upande wangu. Ilikuwa Jumatatu, Alliance alikuwa ananisomea matangazo kama kila wiki. Tulikuwa tunayapenda, tulikuwa tunasema, leo kina Gaël wana sinema, leo kina Gaël wana mchezo wa mpira. Akafika hapa, akasoma polepole akinitafsiria: Alhamisi tarehe kumi na moja Februari, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa maktaba. Kijana asiye na mtu. Mwanafunzi wetu Gaël atasimulia jinsi alivyokua bila mzazi wala ndugu. Kahawa na keki vitatolewa.

Alliance akaniuliza, "Mama, sisi ni nani?"

Nilimwambia ni makosa ya mwandishi. Nikapanda basi kuja kuhakikisha kwamba ni makosa ya mwandishi. Sikuja kukuaibisha. Nilijiambia, akiniona atanicheka, atasema Mama mdogo wamenikosea, twende tukale.

Uliposema hukuwa na mtu, nilitaka kusimama niseme, muongo huyu, nimemnyoa nywele mimi, nimemfundisha kusoma mimi, kwa Biblia yenye kurasa zilizochanika. Miguu ilikuwa tayari. Halafu nikahesabu miezi kumi na minne, nikabaki nimekaa.

Bon. Hili sijawahi kulisema kwako wala kwa mchungaji. Nilipohama Louisville kuja Buffalo mwaka 2010 nilikuacha kwa mjomba wako, ukiwa na miaka kumi na mitano. Nilikuambia mwenye nyumba wa huku hapokei watu wanne. Haikuwa mwenye nyumba. Ilikuwa Aloisi, yule mwanaume niliyemfuata. Aliniambia, "Njoo na binti yako. Huyo mtoto wa dada yako, mwachie ndugu yako." Nami nikakubali. Nilikuwa nimechoka kuwa mjane, Gaël, nilikuwa nataka mtu wa kunifungulia mlango. Siku ile kituoni ulibeba begi la Alliance mpaka ndani ya basi, ukauliza, "Na mimi nitakuja lini?" Nikasema baada ya wiki mbili.

Na nilipokuita hatimaye, baada ya ile miezi kumi na minne, usidhani nilimshinda Aloisi. Aloisi alikuwa ameshaondoka mwenyewe. Kama angebaki, sijui ningekuita lini. Dada yangu Muhoza alinikabidhi wewe kwa mkono wake akiwa anakufa, na mimi nilimngoja mwanaume aondoke kwanza.

Kwa hiyo ulipoambiwa useme mimi ni nani, na ukasema ni mama wa kanisani, niliona sina mdomo. Nikakuita kijana.

Lakini bado niliumia. Usifikiri kwa sababu nina kosa langu basi la kwako si kitu. Nilikaa kituo cha basi cha Columbus nimeshika keki yao kwenye kitambaa, sikuweza kuila na sikuweza kuitupa.

Rakeli

*

Columbus, 24 Aprili 2016

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu sasa theluji imekwisha.

Habari za Aloisi nilizijua. Usiku ule kabla hujasafiri niliwasikia wewe na mjomba jikoni, mlidhani nimelala. Sikukuambia. Nilikaa nayo, nikaja nayo Buffalo, nikala chakula chako nikiwa nayo. Insha niliiandika kwa hasira hiyo. Halafu hasira ikaisha, na insha ikabaki, kila mtu akaijua, na mimi sikujua jinsi ya kuirudisha.

Nilianza na Kefa. Nilimwambia usiku mmoja tukinywa chai. Akaweka kikombe chini. "Sasa yule mama anayepiga simu kila Jumapili ni nani? Uliniambia ni mhubiri."

"Ndiye yeye."

"Na ile siku nilicheka habari ya matangazo, ulisema ni mama wa rafiki yako."

"Ndiye."

Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Twende, nitakungoja nje ya mlango," tukaenda ofisi ya ufadhili.

Yule mama alifurahi kuniona. Aliniwekea kiti. Nilimwambia kwamba nina familia. Akatabasamu kwanza, alifikiri nimeoa. Nikasema hapana, nina familia ya tangu zamani, mama mdogo aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita.

"Tangu ukiwa na miaka sita," akasema.

"Ndiyo. Alikuwepo siku ile. Ulimwona mlangoni."

Kijitabu chenye picha yangu kilikuwa mbele yake, akakigeuza kifudifudi. Akaniuliza kama vita navyo nilivitunga. Nikasema la, vita ni kweli, mama yangu Muhoza alikufa kweli, kambi ni kweli. Aliandika yote hayo lakini sikuona kama ananiamini tena, na hilo limekuwa gumu kuliko nilivyodhani. Nimeuchafua hata ukweli.

Kamati yao itakaa mwezi wa sita kuamua kama nitabaki na ufadhili. Kwenye chakula cha jioni cha wafadhili wiki iliyopita walinitoa, wakamweka mwanafunzi mwingine. Barua yao ilisema nina dharura ya kifamilia.

Niliwaomba wanaoandika matangazo wasahihishe. Niliwapelekea ukurasa mzima, nikaeleza kila kitu, habari za Biblia yenye kurasa zilizochanika nazo nikaweka. Wamechapisha mistari miwili, chini ya baiskeli ya kijani iliyopotea na juu ya saa za maktaba. Inasema: "Masahihisho. Katika tangazo letu la tarehe 1 Februari tulisema Gaël alikua bila ndugu. Gaël alilelewa na mama yake mdogo, Rakeli, wa Buffalo."

Imetoka Jumatatu iliyopita. Najua hukuiona kwa kuwa nilikuomba uondoe anwani.

Darasani wengine hawajasoma, na waliosoma hawakai karibu nami. Msichana mmoja aliyekuwa amelia siku ile ya ukumbini alinipita kwenye ngazi, akasema kwa sauti ndogo, "Niliwahadithia wazazi wangu habari zako." Basi, ni hilo tu alilosema.

Mitihani inaisha tarehe sita Mei. Mjomba anasema ghalani Okolona wanachukua watu wa kiangazi, naweza kulala kwake. Naweza pia kuja Buffalo. Sijui kama nina haki ya kuuliza hivyo. Ukisema hapana nitakwenda Louisville na sitakulaumu.

Gaël

*

Buffalo, Jumapili 8 Mei 2016

Kwa mwanangu Gaël,

Nakusalimia sana. Tuko salama. Leo kanisani waligawia akina mama maua, ua moja kila mama, Alliance akaenda kuomba la pili. Mzee akamwuliza la nani, akasema la Muhoza. Sikujua kama analijua hilo jina. Yote mawili yako ndani ya glasi dirishani.

Barua yako nimemsomea Alliance ile mistari miwili tu. Akataka nimsomee tena. Halafu akaniambia, kwa Kiswahili, "Wameandika Buffalo." Basi akaenda kucheza.

Kuna jambo moja unalolazimika kulijua kabla hujaamua uende wapi.

Mwezi wa pili, kabla sijapanda basi, mama mmoja wa kwaya alinijia baada ya ibada. Mtoto wake anasoma Columbus pia, alikuwa amemtumia lile tangazo lako kwenye simu, na picha yako ipo. Akaniuliza mbele ya wenzake, "Mama Alliance, huyu si Gaël wenu? Mbona wanasema hana mtu?"

Nikaangalia ile picha vizuri. Nikasema, "Hapana. Wamefanana tu."

Nilisema hivyo siku nne kabla ya wewe kusema la kwako. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeanza, na hukunisikia, ndiyo maana hukuandika habari yake. Tangu hapo wananiuliza Gaël atakuja lini, nawajibu yuko na mitihani, na kila mmoja anajua mwenzake anajua.

Sitaki uende Okolona. Njoo. Lakini sitakupokea kimya kimya na kukuficha chumba cha chini kama mzigo, na wewe usije ukafikiri tutakula sombe yaishe.

Jumapili ya tarehe ishirini na tisa Mei katibu atasoma matangazo kabla ya sadaka. Akimaliza huita wageni wasimame, kila mmoja ataje jina lake na aseme yeye ni mgeni wa nani. Mimi nitakuwa mbele na kwaya. Sitakuonyesha kwa kidole, na nimemkataza Alliance asikuvute shati. Utasimama mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata wale wa nyuma wataisikia. Ukishakaa, mimi nitashuka pale mbele, nitamgeukia yule mama wa kwaya, nitasema ile picha ilikuwa ya nani.

Na mimi naogopa, donc usidhani ni wewe peke yako.

Basi lako linalopitia Cleveland linafika Ijumaa ya tarehe ishirini na saba, saa nane mchana, Alliance na mimi tutakuwa kituoni. Njoo na suruali iliyonyooka, pasi yetu imekufa.

Mama yako mdogo,
Rakeli